Mgeni Apewe Jembe Siku ya Kwanza: Virusi Vinavyopeleka Jeni Kwenye Mfupa

Hotuba iliyotolewa Goma mbele ya wauguzi, wanafunzi wa tiba, wanamotari (waendesha pikipiki za abiria) na wakazi wengine wa mji. Msemaji aliiandika upya baadaye, pamoja na machache kati ya maswali yaliyoulizwa.

Wazee wetu, wamama na wababa, wandugu wanafunzi, nanyi wanamotari mlioacha abiria barabarani mkaja kukaa kwenye viti hivi vya plastiki: jambo yenu wote.

Kwanza mnisaidie. Nani humu ndani alichanjwa wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020? Inueni mikono, msiogope, leo sichanji mtu. Sawa, ni wengi. Na nani alipata ile chanjo nyingine, iliyoletwa upande wa Karisimbi mwezi wa Novemba 2019, ya sindano mbili zilizopishana karibu miezi miwili? Naona mikono michache, na mama mmoja anacheka pale nyuma.

Basi ninyi mmenitangulia. Niliitwa kuzungumzia virusi vinavyobebeshwa jeni, yaani maandishi ambayo seli huyasoma ili itengeneze protini, na waliponialika walisema kana kwamba hilo ni jambo la maabara za Marekani tu. Chanjo ya kwanza, Ervebo, ni kirusi cha ng'ombe na farasi kilichonyang'anywa jeni ya protini yake ya nje, kikapachikwa jeni ya protini ya nje ya Ebola. Ile ya pili ilianza na adenovirusi, ukoo wa virusi unaoleta mafua, aina ya 26. Kiliondolewa uwezo wa kuzaana, kikapakiwa jeni ya Ebola vilevile. Zaidi ya watu 300,000 walipata ile ya kwanza katika mlipuko ule, na zaidi ya 20,000 walipata ya pili hapa Goma. Kirusi kiliingia kwenye seli za bega lako, kikashusha jeni, seli zako zikaisoma na kutengeneza protini. Kirusi cha namna hiyo ndicho tunachokiita vekta. Wanaotafiti mifupa hawafanyi ajabu nyingine zaidi ya hiyo. Wanabadilisha jeni, na wanabadilisha mahali pa kuchoma sindano.

Lakini hapo ndipo ugumu wote unapoanza, kwa sababu chanjo na mfupa vinataka mambo yanayopingana. Unapochanja unataka mwili uone, ushtuke, ukasirike na ukumbuke. Homa ya usiku ule wa kwanza mliilalamikia sana, nami niliilalamikia, lakini ilikuwa sehemu ya kazi. Kwenye mfupa unataka kinyume chake. Unataka mwili usigutuke, usikasirike, uache seli zifanye kazi kwa utulivu kwa majuma kadhaa, kisha kila kitu kinyamaze. Kirusi kilekile kinachosifiwa kwenye chanjo kwa kuamsha kinga kinaweza kulaumiwa kwenye mfupa kwa sababu hiyohiyo. Mengi nitakayosema leo yanatoka kwenye jambo hili.

Tuutazame mfupa wenyewe, maana wengi tunaufikiria kama kitu kilichokufa kinachoshikilia nyama. Mfupa uko hai. Ukivunjika, damu inamwagika pale na kuganda. Ndani ya siku chache donge hilo linajaa seli za kinga, halafu seli changa zinazotoka kwenye uboho, kwenye misuli, na kwenye utando unaoufunika mfupa. Katika mivunjiko mingi gegedu laini hujengwa kwanza kati ya ncha mbili, halafu gegedu hilo linageuzwa kuwa mfupa mgumu ulio mnene kupita kiasi, ndiyo ile nundu mnayoipapasa mguuni hata baada ya plasta kutolewa. Baadaye, kwa miezi na hata miaka, seli zinazomomonyoa mfupa na seli zinazojenga mfupa zinafanya kazi pamoja hadi umbo la zamani linarudi. Ngozi ikipona huacha kovu, lakini mfupa ukipona vizuri huwa mfupa kamili tena, na viungo vyenye uwezo huo mwilini ni vichache mno.

Kwa hiyo mivunjiko mingi haihitaji jeni ya mtu yeyote. Inahitaji kunyooshwa, kutulizwa, na muda. Wazee wetu waunga mifupa wa Rutshuru na Masisi walilijua hilo kabla ya hospitali kufika, na mvunjiko uliofungika, usio na kidonda, mara nyingi uliunga mikononi mwao. (Kidonda kikiwa wazi ni habari nyingine kabisa, na wauguzi wa hapa wanajua jinsi miguu hiyo inavyofika kwao ikiwa imechelewa.)

Tatizo ni ile mivunjiko inayokataa. Vitabu husema kati ya asilimia 5 na 10 ya mivunjiko huchelewa kuunga au haiungi kabisa. Mfupa wa goti kwenda chini, ule wa mbele, ndio mkaidi kuliko mingine, kwa sababu upande wa mbele umefunikwa na ngozi tupu, bila misuli ya kuuletea damu. Na ndio huo unaogongwa pikipiki inapoanguka. Ongeza risasi inayosaga kipande kizima cha mfupa, ongeza usaha, ongeza sigara na kisukari. Watu wa namna hii hukaa na fiksateri mguuni, vile vyuma vya nje, mwaka mzima au zaidi, na wengine mwishowe hukatwa mguu. Jeni inatafutwa kwa ajili ya hao.

Hadithi ya jeni yenyewe inaanza mwaka 1965. Daktari wa mifupa wa Los Angeles, Marshall Urist, alichukua mfupa, akaondoa madini yake yote kwa asidi, akauweka mfupa ule mlaini ndani ya misuli ya wanyama. Ndani ya misuli, mahali ambapo mfupa hauna kazi, mfupa mpya ukaota. Maana yake kulikuwa na kitu ndani ya mfupa kinachoziambia seli: jengeni. Kitu hicho kiligeuka kuwa kundi la protini zinazojulikana kwa herufi BMP, na mwaka 1988 jeni zake zikapatikana. Kwa bahati ambayo haina maana yoyote ila inanifurahisha, mwaka uleule wa 1965 watafiti wengine, Marekani hukohuko, waliripoti chembe ndogo sana walizozikuta zimechafua adenovirusi zao za maabara. Ziliitwa virusi vinavyoandamana na adeno, kwa kifupi AAV. Hakuna aliyejua zina faida gani. Leo ndizo vekta zinazotafutwa kuliko nyingine zote duniani.

Mwaka 2002 Marekani iliruhusu protini ya BMP-2 kutumiwa kwenye upasuaji wa uti wa mgongo, na mwaka 2004 kwenye mivunjiko ya wazi ya mguu. Inafanya kazi. Lakini sikilizeni kipimo chake. Kifurushi kikubwa kina miligramu 12 za protini, zilizolowekwa kwenye kipande cha sponji. Mfupa wenyewe una protini hizi kwa nanogramu tu katika kila gramu moja, na nanogramu ni sehemu moja ya milioni ya miligramu. Kwa nini umwage nyingi hivyo? Kwa sababu protini inavuja kutoka kwenye sponji na kumalizika mapema, wakati mfupa unaihitaji kwa majuma. Unamwaga mno siku za kwanza ili kibaki kidogo baadaye. Na madhara yalikuja: mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa waliowekewa dawa hiyo shingoni kuvimba hadi wengine kushindwa kupumua. Wengine waliota mfupa mahali pasipotakiwa. Ni dawa nzuri iliyotolewa kwa mdundo mbaya, na hayo ni maoni yangu.

Hapo ndipo wazo la jeni linapopata mantiki. Badala ya kumwaga protini, zipe seli zilizo palepale kwenye mvunjiko maandishi ya kuitengeneza. Zitaitoa kidogokidogo, ikiwa mbichi, mahali penyewe. Maandishi ya BMP-2 ni mafupi, karibu herufi 1,200 za DNA. Hata AAV, ambayo haibebi zaidi ya herufi 4,700 hivi, inayachukua na nafasi inabaki.

Sasa nani apewe kazi hiyo?

Adenovirusi ndizo zilizojaribiwa zaidi. Zinaingia kwenye seli za aina nyingi, zile zinazogawanyika na zisizogawanyika, na zinatoa protini kwa wingi. DNA yake haijichomeki kwenye kromosomu za mgonjwa, zile nyuzi zinazobeba jeni zake mwenyewe. Inakaa kando na kupotea baada ya majuma machache. Kwa ugonjwa wa kurithi hiyo ni kasoro kubwa, maana mgonjwa atahitaji dawa tena na kinga itakuwa imekwisha kukijua kirusi. Kwa mvunjiko, mimi naiona ni sifa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu wa mfupa apewe jembe siku ya kwanza, alime majuma manne au sita, kisha arudi kwao. Hatutaki ahamie. Seli inayoamrishwa kujenga mfupa miaka 20 baada ya mguu kupona ni hatari kwa mwenye mguu.

Kwa panya mambo yalikwenda vizuri mno. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Jay Lieberman lilichukua seli za uboho wa panya, likaziingizia jeni ya BMP-2 kwa adenovirusi nje ya mwili, likazirudisha kwenye pengo la mfupa wa paja ambalo kamwe lisingejiziba. Likaziba. Christopher Evans na wenzake walitafuta njia fupi zaidi: kuchukua kipande cha misuli au mafuta ya panya mwenyewe, kukichanganya na vekta na kukipachika kwenye pengo, bila kulea seli maabarani kwa majuma. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na sababu yangu si ya kisayansi tu. Kulea seli za kila mgonjwa kunadai chumba safi, mashine, umeme usiokatika na watu waliosomea kazi hiyo, na gharama yake inawashinda hata matajiri. Kipande cha misuli kinachochukuliwa na kurudishwa kabla mgonjwa hajaamka ni jambo ambalo mpasuaji wa hospitali ya Ndosho, hapa mjini, angeweza kulifikiria.

Halafu wakaenda kwa kondoo. Kondoo ana mifupa inayokaribia yetu kwa ukubwa na uzito, na matokeo yakagawanyika. Kwa kondoo waliodhoofishwa mifupa, adenovirusi yenye BMP-2 ilisaidia mvunjiko kuunga. Kwa kondoo wazima, katika jaribio jingine, uungaji ulichelewa kuliko kwa wale ambao hawakutibiwa, na kinga ya mwili ilikuwa imeamka dhidi ya kirusi. Wanafunzi, hapa tulieni kidogo. Panya wa maabara ni kijana, mzima, anaishi kwenye boksi safi, na hajawahi kukutana na adenovirusi ya binadamu maishani mwake. Pengo lake ni la milimita 5. Mgonjwa wetu ana pengo la sentimita 5, ana usaha, na ameugua mafua tangu utotoni. Adenovirusi aina ya 5, ambayo ilitumika katika majaribio mengi ya mifupa, inajulikana na damu ya watu wazima wengi sana Afrika kusini mwa Sahara: wana kingamwili tayari zinazoisubiri. Dawa iliyopimwa kwa watu wa Boston inaweza kufika Goma ikazimwa kabla ya kugusa seli moja. Ndiyo maana nasema, na nitasema kila nitakapoalikwa, kwamba damu yetu lazima iwemo kwenye hesabu tangu mwanzo. Kuileta mwishoni, dawa ikiwa imekwisha kutengenezwa, ni kuchelewa.

Na kuna jambo la 1999. Kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alikuwa na ugonjwa wa ini wa kurithi uliokuwa umedhibitiwa kwa dawa na chakula. Alijitolea kwenye jaribio la Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Adenovirusi nyingi ziliingizwa kwenye mshipa wa ini lake. Kinga ya mwili wake ikalipuka, na baada ya siku nne alifariki. Kwa mfupa dozi ni ndogo na inawekwa mahali pamoja, si kwenye damu. Hata hivyo swali linabaki lilelile kwa daktari yeyote: mtu mwenye mguu uliovunjika hafi kwa mguu ule. Unamwomba akubali hatari ya kiasi gani? Kwa saratani tunakubali mengi. Kwa mguu, hapana.

Kuhusu virusi vinavyojichomeka kwenye kromosomu, retrovirusi na lentivirusi, sitakaa sana. Vinadumu, na kwa mvunjiko nimekwisha kusema ninavyouona udumu. Paris, katika hospitali ya Necker, watoto waliozaliwa bila kinga walitibiwa kwa retrovirusi iliyorekebisha seli za uboho wao. Walipona. Kisha baadhi yao, kuanzia 2002, wakapata saratani ya damu kwa sababu kirusi kilijichomeka karibu na jeni inayohimiza seli kugawanyika. Watoto wale wangekufa bila tiba, kwa hiyo hesabu yao ni tofauti na ya mwanamotari mwenye mguu mbovu.

Mnisamehe basi nikirudi kwa AAV, ile takataka ya 1965. Ni ndogo, upana wake ni kama nanomita 25, haijulikani kusababisha ugonjwa kwa binadamu, haiamshi kinga sana kama adeno, na kwa kawaida DNA yake hukaa nje ya kromosomu. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba inavumilia kukaushwa. Mwaka 2005 watafiti wa Rochester, Marekani, walichukua mfupa wa marehemu, aina ambayo wapasuaji hupandikiza kuziba mapengo makubwa, wakaupaka AAV zilizobeba jeni mbili: moja ya kuita mishipa ya damu, nyingine ya kuamsha seli zinazomomonyoa mfupa. Mnaweza kushangaa: kwa nini uamshe wabomoaji? Kwa sababu mfupa wa marehemu ukipandikizwa haufufuki. Unakaa pale, na baada ya miaka unavunjika. Ukiwaruhusu wabomoaji waingie na damu iwafuate, wajenzi nao wanakuja. Katika panya wadogo mfupa ule mfu ulifanywa upya. Kirusi kilichokaushwa juu ya mfupa mkavu kinaweza kukaa kwenye kabati la chumba cha upasuaji, nami nikiwaza umeme wetu, wazo hilo lina uzito kuliko mengine yaliyoandikwa kwa majigambo.

AAV inafaa pia pale ambapo mgeni anatakiwa kukaa: mifupa inayopungua uzeeni, hasa kwa wamama, na magonjwa ya kurithi kama ule wa watoto wanaozaliwa na mifupa inayovunjika ovyo. Ugumu wake ni kwamba ukichoma AAV kwenye mshipa, nyingi zinaishia kwenye ini. Mwaka 2019 kundi la Chuo Kikuu cha Massachusetts lilibandika kwenye gamba la AAV aina ya 9 kipande cha protini kinachopenda madini ya mfupa, kikaielekeza huko. Mzigo wake haukuwa jeni ya kujenga. Ulikuwa wa kuzima jeni inayowazuia wajenzi. Panya walioondolewa ovari, ili mifupa yao ipungue kama ya wamama uzeeni, hawakupoteza mfupa kama wenzao wasiotibiwa. Ni kazi nzuri, lakini bado ni panya.

Hadi leo, wandugu, hakuna dawa ya virusi vyenye jeni iliyoidhinishwa kuunga mfupa uliovunjika. Mtu akikwambia Kampala au Dubai kuna sindano hiyo, muulize ni kirusi kipi, kinazaana au hakizaani, kinakaa mwilini muda gani, kimepimwa kwa nani, na ACOREP, mamlaka ya dawa ya nchi yetu, inasema nini. Akianza kukuonyesha video, ondoka. Hata penye mamlaka kali watu wameshikwa. Korea Kusini mwaka 2017 iliidhinisha tiba ya goti yenye seli zilizobebeshwa jeni kwa retrovirusi, ikaaminiwa kuwa ni seli za gegedu. Mwaka 2019 ikafutiwa kibali baada ya kugundulika kwamba seli zile zilitokana na figo.

Kinachoweza kufanyika Goma kesho asubuhi hakina kirusi ndani yake. Mvunjiko wa wazi unahitaji antibiotiki saa za mwanzo, maji mengi safi ya kuosha, chanjo ya pepopunda, kuondoa nyama iliyokufa, na chuma kinachoshikilia. Jeni ya BMP haifanyi kazi ndani ya usaha, na haijali imetoka maabara gani. Wanamotari, mwenzenu akianguka na mfupa ukachungulia nje, msimpeleke kwa mwunga mifupa kwanza "ili aangalie". Nendeni hospitali moja kwa moja.

Maswali yalikuwa mengi. Haya ndiyo niliyoyaandika.

Mwanamotari mmoja aliuliza: "Docta, nikiwekewa kirusi hicho mguuni, sitamwambukiza mke wangu na watoto?"

Nilimjibu kwamba vekta za adeno zinazotumiwa kwa jeni zimetolewa sehemu inayoziwezesha kuzaana, na AAV hata ile ya asili haizaani bila kirusi kingine cha kuisaidia. Majaribio hupima mate, mkojo na damu ya mgonjwa kuona kama kuna chochote kinachotoka. Kwa hiyo wasiwasi wake una jibu linalopimika, na ana haki ya kudai kuonyeshwa vipimo hivyo kabla ya kutia sahihi.

Mama mmoja alisimama, akasema mtoto wake ni SS, yaani ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na amesikia redioni kwamba ugonjwa huo sasa unatibiwa kwa virusi ndani ya mfupa. "Papa, niambie ukweli, nimpeleke wapi?"

Ukweli nilimwambia. Alichosikia kipo. Mwezi wa Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba inayochukua seli za uboho wa mgonjwa wa SS, inaziingizia jeni nzuri ya hemoglobini kwa lentivirusi, na kuzirudisha. Hapo kudumu ndiko kunakotafutwa, maana seli hizo lazima zitoe damu nzuri maisha yote. Lakini kabla ya kuzirudisha mgonjwa hupewa dawa kali ya kuua uboho wa zamani, inayoweza kumnyima uzazi. Tiba imebandikwa onyo la saratani ya damu. Na bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 3.1. Nilimwambia pia kwamba kuna kidonge kinachoitwa hidroksiurea, na kwamba kilijaribiwa kwa watoto wa nchi nne za Afrika, Kinshasa ikiwemo, matokeo yakachapishwa 2019: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, na vifo pia. Aende hospitali akaulize kidonge hicho, na asikose chanjo na penisilini za mtoto. Aliandika jina la dawa kwenye kiganja cha mkono. Baadaye muuguzi mmoja alimfuata nje, nafikiri walielewana.

Swali la mwisho lilitoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, na lilikuwa zuri kuliko hotuba yangu. "Docta, umetuambia mfupa uliovunjika unataka ujumbe wa muda mfupi, usiogusa kromosomu, usioamsha kinga kupita kiasi. Hapo si umeielezea mRNA, ile nakala ya muda ya jeni iliyo kwenye chanjo za COVID? Virusi vya nini tena?"

Sikuwa na njia ya kumkwepa. Nilimweleza kwamba Evans huyohuyo, aliyefanya kazi na adenovirusi miaka mingi, mwaka 2022 alikuwa miongoni mwa waliochapisha matokeo ya mRNA ya BMP-2 iliyorekebishwa kikemia: mapengo ya mfupa wa paja la panya yaliziba. mRNA hudumu siku chache, haiwezi kujichomeka popote, na hakuna mafua ya utotoni yanayoijengea kingamwili. Kwa magonjwa ya kurithi bado naviamini virusi. Kwa mguu wa mwanamotari, huenda mwanafunzi yule ana haki, na mimi nimetumia jioni nzima kuwatetea wafanyakazi watakaostaafishwa. Akaniuliza kama mRNA nayo haihitaji friji ya baridi kali. Inahitaji, kwa sasa. Tukaanza kubishana kuhusu kukausha, mlinzi akaja kutukumbusha kwamba mafuta ya jenereta yanaisha.